Modemu ya kebo ikikataliwa: kusoma jumbe za idhini kwenye logi

Taa ya Online inawaka bila kupepesa. Simu imeshika Wi-Fi vizuri. Lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Modemu imezimwa na kuwashwa, viungio vya kebo vimekazwa, kigawanyaji kimeondolewa, fundi amekuja na kipimo chake akasema nyumba haina kasoro. Muda wote huo, ndani ya logi ya modemu, yaani kumbukumbu ya matukio yake, kuna mstari ambao hakuna aliyeusoma:

Auth Reject - Permanent Authorization Failure;CM-MAC=00:00:5e:00:53:1a;CMTS-MAC=00:00:5e:00:53:f0;CM-QOS=1.1;CM-VER=3.0;

Mstari huo umelitaja tatizo kwa jina. Modemu imefika kwenye mtambo wa mtoa huduma, unaoitwa CMTS, imesikika, imejitambulisha, kisha imekataliwa. Hata ukibadilisha waya wote wa nyumba, itaendelea kukataliwa. Hapa ndipo pesa na muda wa watu hupotea bure: mteja ananunua kebo mpya, kampuni inatuma fundi juu ya fundi, na jibu liko kwenye logi tangu siku ya kwanza.

Haya yanahusu modemu ya kebo, ile inayoingiziwa waya mnene wa koaksia unaofungwa kwa skrubu kama wa dishi, na inayofuata kanuni za DOCSIS. Kama nyumbani kwako kunaingia uzi mwembamba wa faiba, kifaa chako kina taratibu zake na jumbe hizi hutazikuta.

Logi yenyewe huisomi mtandaoni. Unganisha kompyuta na modemu, fungua kivinjari, andika 192.168.100.1. Anwani hiyo hufanya kazi kwenye modemu nyingi hata intaneti ikiwa imekatika. Tafuta ukurasa wa Event Log. Baadhi ya kampuni huufunga ukurasa huo kwa wateja. Hapo huna budi kuwaomba wao wausome.

Idhini hutolewa lini

Modemu ikiwashwa hutafuta masafa ya kushuka, hupatana na mtambo wa CMTS juu ya muda na nguvu ya kurusha, hupewa anwani ya IP kwa DHCP, huuliza saa, hushusha faili la mipangilio kwa TFTP, halafu hujiandikisha. Kwa utaratibu wa zamani, idhini ya usalama, inayoitwa BPI+, huja baada ya kujiandikisha. Modemu hutuma cheti chake, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, CMTS hukikagua, kikikubalika hurudisha ufunguo wa idhini. Kwa ufunguo huo modemu huomba funguo nyingine, zinazoitwa TEK, ambazo ndizo husimba data ya mteja.

Mpangilio huo una matokeo yanayowachanganya watu kila siku. Modemu inaweza kujiandikisha, ikawasha taa ya Online, kisha ikakataliwa idhini. Kwa mujibu wa kanuni, modemu iliyokataliwa kabisa huingia hali ya ukimya: haipitishi data ya mteja hata kidogo, lakini huendelea kujibu maswali ya usimamizi kutoka kwa kampuni. Basi mteja anapopiga simu, mazungumzo huwa hivi:

"Mama, modemu yako mimi naiona hapa, iko hewani."

"Iko hewani vipi, mwanangu, na mimi hata WhatsApp sipati?"

Wote wawili wanasema kweli. Anayehudumia simu anaiona modemu ikijibu, na mama hapati kitu. Kitakachowapatanisha ni mstari wa Auth Reject.

Kuanzia DOCSIS 3.0, iliyotoka 2006, mtoa huduma anaweza kuamua idhini itangulie, kabla hata ya DHCP. Kwenye mtandao wa namna hiyo, modemu iliyokataliwa haifiki kwenye anwani ya IP, na taa ya Online haitulii. Kwa hiyo usikimbilie kulaumu seva ya DHCP kwa sababu tu modemu haina IP. Soma kwanza kilichoandikwa kabla yake.

Maswali mawili kabla ya kugusa chochote

Swali la kwanza: ujumbe unajirudia kwa mwendo gani? Modemu iliyopewa kataa la kawaida husubiri, kwa kawaida sekunde 60, kisha huomba tena. Ukiona Auth Reject ileile kila baada ya dakika moja hivi, mlango haujafungwa kabisa. Upande wa pili ukirekebishwa, modemu itaingia yenyewe bila kuzimwa. Ukiona mstari mmoja tu wa Permanent Authorization Failure kisha kimya, modemu imeacha kuomba. Hata kosa likirekebishwa, lazima modemu iwashwe upya ndipo ijaribu tena.

Swali la pili ni la fundi wa upande wa mtambo, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote: nani wengine wamekataliwa? Panga logi ya CMTS kwa anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa. Tarakimu sita za mwanzo za MAC humtaja mtengenezaji. Ikikataliwa modemu moja tu, tatizo liko kwenye modemu hiyo au rekodi yake. Zikikataliwa za mtengenezaji mmoja na nyingine ziko salama, tazama cheti cha mtengenezaji huyo. Zikikataliwa za kila aina kwa pamoja, tazama saa ya CMTS na cheti cha mzizi, kile cha juu kabisa ambacho vingine vyote hukitegemea. Upangaji huo ni kazi ya dakika chache, na huokoa wiki nzima ya kutumana.

Permanent Authorization Failure

Ili ujumbe huu ueleweke, lazima cheti kieleweke. DOCSIS 1.0 ya mwaka 1997 ilisimba data lakini haikuwa na vyeti. Mtambo uliiamini anwani ya MAC kama ilivyotajwa. Aliyenakili MAC ya jirani aliweza kutumia huduma ya jirani. DOCSIS 1.1, mwaka 1999, ilileta BPI+ na vyeti vya X.509. Cheti huwekwa ndani ya modemu kiwandani pamoja na ufunguo wake wa siri, na anwani ya MAC imeandikwa ndani ya cheti chenyewe. Cheti cha modemu kimesainiwa na cheti cha mtengenezaji, na cha mtengenezaji kimesainiwa na cheti cha mzizi cha DOCSIS.

CMTS hufuata mnyororo huo kiungo kwa kiungo. Kiungo kimoja kikikosekana au kikiharibika, jibu ni Permanent Authorization Failure. Kwenye mitambo ya Cisco utakuta namba 66030108 pembeni ya ujumbe huo, na ukiorodhesha modemu utaona hali ya reject(pk).

Chanzo cha kwanza ninachokishuku, modemu ikiwa moja, ni historia yake. Modemu iliyonunuliwa mkononi, hasa mtandaoni, huenda imewahi kuchezewa. Linganisha MAC iliyo kwenye kibandiko cha chini na ile iliyo kwenye ukurasa wa 192.168.100.1. Zikitofautiana, irudishe kwa aliyekuuzia siku hiyohiyo. Huenda mtu alibadilisha MAC, na cheti kilichobaki ndani hakilingani nayo. Kuirudisha modemu kwenye mipangilio ya kiwandani hakusaidii: vyeti havifutwi kwa kitufe hicho, wala havitengenezwi upya. Hakuna duka linalouza cheti cha modemu, na anayekuahidi kukiweka anakuuzia cheti kilichoibwa kwenye modemu ya mtu mwingine. Ndugu zetu walioko Marekani, ambako watu wengi hununua modemu zao wenyewe ili kukwepa ada ya kukodi, waangalie jambo hili kabla ya kulipa.

Chanzo cha pili ni tofauti ya mzizi. Vifaa vya EuroDOCSIS vilisainiwa chini ya mzizi wa Ulaya, tofauti na ule wa Marekani. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya ikiletwa kwenye mtandao ambao CMTS yake haina mzizi huo, itakataliwa hata kama ni mpya na bado iko kwenye boksi. Vivyo hivyo kwa DOCSIS 3.1, iliyokuja na mfumo mpya wa vyeti wenye usimbaji imara zaidi (kwa modemu, funguo za RSA za biti 2048 na SHA-256). Modemu za 3.1 hubeba vyeti vya mifumo yote miwili, wa zamani na mpya, ili zikubalike pia kwenye mitambo ya zamani. Lakini CMTS inayopaswa kukagua cheti kipya bila kuwekewa mzizi mpya haitakiamini.

Chanzo cha tatu ndicho kilichowakamata wengi, na bado kitawakamata: muda wa cheti cha mtengenezaji kuisha. Vyeti vingi vya watengenezaji vilitolewa kwa miaka 20. Vile vya 2001 vilifika ukingoni 2021, na vingine vinafuata kila mwaka. Mzizi wenyewe wa zamani ulitolewa 2001 kwa miaka 30.

Namna tatizo hili linavyojitokeza ndiyo inayolificha. Cheti kinaisha usiku wa manane na hakuna anayeona kitu, kwa sababu modemu zilizokwisha pata idhini zinaweza kuendelea kufanya kazi. Kisha umeme unakatika mtaani. Ukirudi, modemu zote zinajiwasha, na zile za mtengenezaji mmoja hazipati tena intaneti. Kila mtu anaulaumu umeme. Mafundi wanatumwa kupima vikuza mawimbi vya mtaa, wanakuta viko sawa, wanabadilisha kimoja ili kutuliza watu. Dalili inayotatua fumbo ni moja: nyumba mbili kwenye kebo ileile, moja ina modemu ya aina moja na inafanya kazi, jirani ana ya aina nyingine na haifanyi. Kikuza mawimbi hakichagui mtengenezaji.

Tiba iko kwenye CMTS, na ina hatua zinazopishana kwa uzito. Iliyo bora ni kukitaja cheti husika cha mtengenezaji kuwa cha kuaminiwa, kupitia kigezo cha SNMP (itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao) docsBpi2CmtsCACertTrust kwa kukipa thamani 1, tena kabla hakijaisha. Kwenye mitambo ya Cisco, kama kimekwisha isha na CMTS haikihifadhi tena, ipo amri ya cable privacy retain-failed-certificates inayoruhusu kihifadhiwe kwanza ndipo kiaminiwe. Ipo pia cable privacy skip-validity-period, inayopuuza tarehe za vyeti. Hii ya mwisho ninaikubali kama msaada wa usiku mmoja tu, kisha iondolewe baada ya cheti sahihi kutajwa.

Kuna njia ya mkato ambayo ninawasihi mafundi waiache: kuzima BPI+ kwenye faili la mipangilio ili wateja warudi haraka. Kebo ya koaksia ni ya mtaa mzima. Kinachoshuka kwenda nyumba moja hupita kwenye waya unaofika nyumba nyingine, na usimbaji ndio pekee unaozuia kusomwa. Ukiuzima, umewaweka wateja wako wazi bila wao kujua, na umefungulia mlango wale wanaonakili MAC.

Zote zimekataliwa kwa pamoja

Hapa nenda moja kwa moja kwenye saa ya CMTS. Mtambo uliozimika ukarudi bila kupata saa kutoka NTP, yaani huduma ya saa ya mtandao, unaweza kuamini kuwa uko miaka mingi nyuma, na kwa hesabu yake vyeti halali vinaonekana bado havijaanza. Sahihisha saa, hakikisha NTP inajibu, kisha ziwashe modemu upya kwa amri kutoka kwenye mtambo, kwa sababu zilizoingia kwenye ukimya hazitajaribu zenyewe. Saa ikiwa sahihi, kagua kama cheti cha mzizi bado kimo kwenye kumbukumbu ya mtambo. Baada ya kubadilisha kadi au programu endeshi, faili hilo husahaulika kwa urahisi.

Time of Day not acquired

Huu nao unahusu saa ya CMTS: mtambo haujapata saa, hivyo hauwezi kukagua tarehe za vyeti. Usiuchanganye na matukio yaliyoandikwa Time Not Established, au yaliyopewa tarehe ya 1 Januari 1970: hayo yanahusu saa ya modemu yenyewe. Kwa mteja hakuna cha kufanya. Kwa fundi, kagua kama seva ya saa ambayo CMTS imeelekezwa ipo na inajibu. Huenda seva ilihamishwa na anwani ya zamani ikabaki kwenye mipangilio.

Unauthorized CM

Cheti kinasomeka, lakini mtambo umekataa kuitambua modemu kuwa yenye haki ya kuingia. Hapa tatizo ni la rekodi. Modemu haijaingizwa kwenye orodha, bado imeandikwa kwa akaunti ya mwenye nyumba aliyehama, imezuiwa kwa deni au kwa ripoti ya wizi, au MAC yake imeonekana mahali pawili. Mteja awasomee kampuni MAC kutoka kwenye kibandiko, tarakimu moja moja, huku wao wakiilinganisha na iliyo kwenye akaunti. Herufi B na tarakimu 8 zimekwisha kukosesha watu wengi huduma. Kwa kuwa kataa hili hujaribiwa upya, rekodi ikisahihishwa modemu inaweza kuingia ndani ya dakika chache.

Auth Invalid na TEK Invalid

Jumbe hizi hutokea kwa modemu ambayo ilikuwa imeshakubaliwa. Ufunguo wa idhini huishi siku 7 kwa mipangilio ya kawaida, yaani sekunde 604800, na TEK huishi saa 12. Modemu hupaswa kuomba mpya kabla ya zilizopo kuisha. Ukisoma Auth Invalid - Invalid Key Sequence Number, au TEK Invalid - Invalid Key Sequence Number, maana yake modemu na CMTS hazishiki tena namba moja ya ufunguo.

Ikitokea mara moja kwa modemu nyingi kwa sekunde zilezile, CMTS imehamia kadi ya akiba au imewashwa upya. Modemu zitaomba upya na kurudi, iache.

Ikijirudia kwa modemu moja, hapa ndipo waya unapoingia kwenye kesi. Maombi ya funguo hupita kwenye kebo ileile, na kelele upande wa kupanda huyameza. Tazama majirani wa mstari huo kwenye logi: ukikuta T3 time-out na T4 time-out (modemu imengoja mtambo bila kupata jibu) zimeuzunguka, shughulikia signali kwanza. Nguvu ya kushuka ikiwa kati ya -7 na +7 dBmV (kipimo cha nguvu ya signali) ni nzuri; modemu inayorusha juu kwa zaidi ya 50 dBmV inapiga kelele ili isikike, na kuna kiungio kibovu, kigawanyaji cha ziada au maji ndani ya kebo. Kwenye miji ya pwani, anza na kiungio cha nje ya nyumba. Fungua, tazama uzi wa katikati: ukiwa wa kijani au mweusi badala ya rangi ya shaba, umeshapata. Chumvi ya baharini haihitaji muda mrefu.

Message Authentication Failure ni ndugu wa jumbe hizi na hutibiwa hivyohivyo, isipokuwa ikiendelea kwa modemu moja yenye signali safi. Hapo ibadilishe.

Unauthorized SAID, Map Reject, Unsupported Crypto Suite

Mbili za kwanza mara nyingi huhusu mitiririko ya matangazo ya pamoja ambayo modemu imeombea ufunguo bila kuwa na haki nayo. Intaneti ikifanya kazi, mteja azipuuze. Ya tatu huonekana pale modemu ya zamani, inayojua njia ya zamani ya usimbaji, DES, pekee, inapotakiwa kutumia njia mpya, AES. Fundi ama abadilishe mipangilio ya kundi hilo la modemu, ama aziondoe modemu zenyewe, mimi ningeziondoa.

Zinazofanana na kataa la idhini ilhali si lenyewe

Ujumbe unaotaja CMTS MIC invalid, ambao kwenye Cisco huonekana kama reject(m), unahusu faili la mipangilio. Neno la siri linalotumika kusaini faili kwenye seva haliendani na lililo kwenye CMTS, au faili limebadilishwa njiani. Vyeti havihusiki.

Kisha, kwenye orodha hiyohiyo ya Cisco, ipo hali ya online(d). Modemu iko hewani, logi haina Auth Reject hata moja, na bado mteja hapati kitu. Faili la mipangilio limeagiza njia ya mteja ifungwe, na mara nyingi sababu ni malipo au akaunti ambayo haijawashwa. Kwa mteja, dalili ni ileile ya yule mama: taa nzuri, intaneti hakuna. Tofauti inaonekana kwenye logi pekee.

Kwa hiyo ukiipigia kampuni simu, usianze kwa kusema intaneti haifanyi kazi, maana utaambiwa uzime na uwashe. Sema una modemu yenye MAC fulani, ambayo logi yake imeandika Auth Reject, kisha soma maneno yote yaliyo baada ya kistari, na useme unajirudia kila dakika au uliandikwa mara moja. Piga picha ukurasa huo kabla ya kuzima modemu, kwa kuwa baadhi ya modemu hufuta logi zikiwashwa upya. Omba kesi ipelekwe kwa wanaosimamia CMTS badala ya kutumiwa fundi wa nyumbani.